Kipimo cha Mishmishi

Chupa ipo rafu ya pili, ubavuni mwa ramu,
rangi yake asali iliyosahauliwa juani.
Wageni huiita kwa jina refu la Kifaransa.
Mimi naiita mishmishi,
kama alivyoita mama lile bati la Maskati
alilokuja nalo mjomba Nasibu mara moja kwa mwaka,
likaisha kabla mwezi haujaandama.

Aliyenifunza ni mtu wa Marangu,
jina la ukoo Kileo.
Nilidhani ananitania. Akanionesha kitambulisho.
"Mbarouk," akasema, "ulimi wako uache nyumbani.
Hapa utatumia pua na sikio."
Sikio?
"Barafu ikigombana na bati, bado.
Ikianza kunong'ona, mimina."

Chura: ramu, mishmishi, ndimu iliyokamuliwa saa ile ile.
Mgeni hukunja uso kwanza, kisha hucheka;
nadhani ndio huo mruko wenyewe.
Uso wa Malaika: vipimo vitatu sawasawa,
jini, mishmishi, na moto wa matufaha.
Hakipambwi kwa tunda wala kijiti,
malaika havai hereni.
Na kile cha machungwa,
jini thalathini, mishmishi ishirini, chungwa kumi na tano,
jina lake Pepo.

Basi nifikirieni mimi,
mwanafunzi wa chuo cha Maalim Shaaban, Kikwajuni,
nimesimama Shangani na kizibao cheusi
nauliza kwa adabu: Bibi, nikutilie Pepo?
Na jini ndani yake!
Kwa lugha yetu hii jini halikai chupani bure.
Pepo mmoja hupandishwa kwa ngoma,
pepo nyingine huombwa kwenye sijda,
wala sijasikia iliyouzwa elfu ishirini na tano
pamoja na kodi.

Sijapata kuionja. Wallahi, hata tone.
Nimekosea mara moja tu, mwaka wa kwanza,
nikatia ndimu penye chungwa.
Mzee wa Kidenmaki akanywa, akanyamaza,
akasema ndivyo alivyokuwa akikosea marehemu mkewe.
Bakhshishi ile nilimpa Kileo, aitie anapojua.

Saa saba usiku narudi kwa miguu,
Darajani sakafu ya samaki imeoshwa, harufu haijaoshwa.
Mama halali. Hunivua shati kama nina miaka sita,
hunusa mkono wa kulia, pale kwenye pindo.
"Mishmishi," husema.
Haulizi ya wapi.
Kwake mimi niko mapokezi, nagawa funguo.

Kumi la mwisho la Ramadhani nilipata likizo.
Nikanunua mishmishi kavu, robo kilo, bei ya kutia haya,
nikazirowesha usiku kucha, nikazichuja kwa kipande cha leso.
Bati la kutikisia nililiazima kazini;
nikaliosha mara saba, kama lililorambwa.
Chungwa la shamba. Ndimu nusu. Marashi tone moja.

Adhana. Tende tatu.
Kisha nikatikisa,
na mama akatazama mikono yangu:
bati linavyopanda begani, linavyoshuka,
nilivyoinamisha kichwa.
Mgawa funguo hasikilizi barafu hivyo.

Nikammiminia kwenye bilauri ya mguu,
ile ya kabati la vioo, isiyotoka ila kwa posa.
Akapiga bismillahi, akanywa funda,
akalizungusha mdomoni polepole mno,
akainua bilauri kwenye taa akatazama rangi.

"Kitamu," akasema. "Lakini kuna kitu hujatia."

Nikamtazama. Akanitazama.
Mjomba Nasibu, Mungu amrehemu.
Yale mabati ya Maskati, na lile jengine
lililokaa juu ya kabati, tukaambiwa ni la dawa.

Sikuuliza kitu gani.
Nikaokota maganda, nikaenda zangu jikoni,
nikafungulia maji yaende kwa nguvu.
Hata hivyo nilimsikia:

"Mbarouk. Kimebaki?"